Mlango wa kiini cha seli na chikungunya: maswali kutoka Lamu

Chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, iliambukiza mwaka 2004 takriban watu 3 kati ya 4 kisiwani Lamu. Daktari, virusi vile hufanya nini ndani ya seli?

Huzaliana nje ya kiini, chumba cha seli kinachotunza DNA, lakini protini yao moja, nsP2, huingia ndani. Humo husababisha kuvunjwa kwa Rpb1, sehemu ya kimeng'enya kinachonakili jeni zetu. Jeni zisiponakiliwa, seli hushindwa kutoa interferoni, onyo la kuamsha kinga. Ndiyo maana mlango huu wa kiini unastahili kujulikana.

Mlango wenyewe ukoje?

Utando wa kiini una matundu, kama 2,000 kwa seli ya binadamu. Kila tundu limejaa nyuzi za protini. Molekuli ndogo hupenya zenyewe. Protini inayozidi kilodaltoni 40 hivi (kipimo cha uzito wa molekuli) kwa kawaida huhitaji mbebaji.

Mbebaji hujuaje mzigo wa kuingiza na wa kutoa?

Importini, mbebaji wa kuingiza, ni kama hamali wa gatini: hubeba kwa kusoma lebo. Lebo ni kipande cha protini yenyewe chenye asidi amino za laisini na arjinini kwa wingi. Ile ya virusi vya SV40 ina asidi amino 7 tu, na ukibadilisha laisini ya pili, protini hubaki nje.

Kinachoamua mwelekeo ni Rani, protini ndogo inayoshika GTP, molekuli ya nishati. Protini ya RCC1, inayoipa GTP, imekaa juu ya DNA. Protini ya RanGAP, inayochochea GTP hiyo ivunjwe, iko nje. Basi Rani yenye GTP hujaa ndani ya kiini. Humo huikamata importini, nayo huachia mzigo. Eksportini, mbebaji wa kutoa, ni kinyume: hushika mzigo ikiwa pamoja na Rani yenye GTP, na GTP ikivunjwa nje, mzigo huachiwa. Mfumo huu ukilemaa, protini za ndani hurundikana nje.

Dawa hupitia hapo?

Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe kwenye pumu, hushikana na kipokezi chake nje ya kiini, kisha kipokezi huingia kubadilisha kazi ya jeni. Huchukua saa kadhaa, kwa hiyo pumu ikibana, usingoje kuvuta salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa.

Nasikia ivermektini, dawa ya minyoo, huziba mlango huo. Ninywe nikishikwa na chikungunya?

Usinywe. Imezuia importini maabara kwa viwango vinavyozidi sana vile ambavyo dozi ya kawaida huvifikisha kwenye damu. Chikungunya haina dawa ya kuua virusi vyake. Mtu mzima mwenye ini zima atumie parasetamoli gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, anywe maji na kupumzika. Aspirini na ibuprofeni ziepukwe hadi ithibitike kuwa si denge, homa nyingine ya mbu inayofanana nayo, maana dawa hizo huongeza hatari ya kutoka damu.

Mitungi na madumu ya maji yafunikwe, na kila wiki yasuguliwe kuta za ndani: mayai ya mbu wa Aedes, wanaoeneza chikungunya, hunata juu kidogo ya maji, na kumwaga maji peke yake hakuyaondoi.