Msanii aliyejifunza mwenyewe ni nani?

Ni mtu anayefanya sanaa bila kupita chuoni wala kukaa chini ya mwalimu. Mbinu zake amezipata kwa kutazama, kujaribu, kuharibu na kurudia. Tanzania tunao mfano mkubwa: Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za dukani juu ya vibao, na mtindo wake ukabeba jina lake.

Ikiingia habari ya ulemavu, dhana hii hupindishwa. Watu husikia "kajifunza mwenyewe" wakadhani hakuna aliyemshika mkono, na kazi yote inageuka hadithi ya muujiza. Si hivyo. Mchukue Judith Scott, Mmarekani aliyezaliwa 1943 akiwa na sindromu ya Down, tena kiziwi. Aliishi kwenye taasisi za watu wenye ulemavu zaidi ya miaka 30 mpaka pacha wake, Joyce, akamtoa. Mwaka 1987 akaanza kwenda Creative Growth, karakana ya sanaa ya watu wenye ulemavu mjini Oakland. Humo alipata meza, nyuzi na muda. Wenzake walipokuwa wakifundishwa kazi ya nyuzi, yeye akashika njia yake: anachukua fimbo, kiti, chochote alichookota, anakizungushia uzi na kukikaza mpaka kilichomo ndani kisionekane. Mshona nyavu wa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba hapa Mwanza, angezisoma kazi zile haraka kuliko mimi: wapi uzi umevutwa, wapi umelegezwa, wapi umepitishwa tena ili ushike. Huo ni ufundi, na ndio wa kuzungumziwa kwanza.

Nnena Kalu wa Uingereza, mwenye usonji na anayezungumza kidogo, naye hufunga na kuviringisha vitambaa, plastiki, hata kanda za video. Mwaka 2025 alishinda Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa nchini humo. Naye anayo studio inayomsaidia, ActionSpace.

Msaada huo haumtoi mtu kwenye kundi la waliojifunza wenyewe. Yupo wa kusogeza vifaa na wa kubeba kazi ikiwa nzito. Rangi ipi, fundo lipi, wapi pa kuishia, anaamua msanii.

Hapa Mwanza kikwazo kingine ni cha kufika tu. Mji umekaa juu ya mawe, na nyumba nyingi za milimani hazifikiki kwa kiti cha magurudumu. Anayetaka kufungua karakana ya aina hii atafute kwanza tambarare, karibu na kituo cha daladala. Rangi zitanunuliwa baadaye.