Je, wajua kwa nini "Red Hot" ya Billy Lee Riley ilikosa msukumo wa kampuni yake yenyewe?

Kampuni ya kurekodi muziki inaishi kwa kuuza nyimbo. Inakuwaje basi wimbo uanze kuchangamkiwa, halafu mwenye kampuni auache ufe? Ndiyo yaliyomkuta mwimbaji Billy Lee Riley na wimbo wake "Red Hot" mjini Memphis, Marekani, mwaka 1957.

Riley alizaliwa tarehe 5 Oktoba 1933 huko Pocahontas, Arkansas, kwa wazazi maskini waliolima pamba katika mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi. Gitaa alijifunza kwa vibarua Weusi wa mashamba hayohayo, akapita jeshini, kisha akaangukia Memphis, ambako Sam Phillips alikuwa na studio ndogo katika Barabara ya Union namba 706 na lebo, yaani kampuni ya kurekodi, iitwayo Sun. Hapo ndipo Elvis Presley alipoanzia.

Muziki wenyewe waliuita rockabilly: blues za Weusi na nyimbo za Wazungu wa mashambani zikipigwa kwa kasi ya mtu aliyechelewa treni. Katika rekodi za mwanzo mara nyingi hukuti ngoma. Unachosikia ni besi kubwa ya mbao ya kusimama: mpigaji anavuta uzi na kuuachia ugonge ubao, tak, tak, hivyo chombo kimoja kinatoa noti na mdundo kwa pamoja. Phillips naye aliongeza mwangwi kwa ujanja rahisi sana. Sauti aliipitisha kwenye mashine ya pili ya utepe, na kwa kuwa utepe huchukua sehemu ndogo ya sekunde kutoka sehemu inayorekodi hadi sehemu inayosoma, sauti ilirudi imechelewa kidogo tu. Mtu mmoja akawa kama anaimba ndani ya pango.

Mwaka 1957 Riley alitoa "Flyin' Saucers Rock and Roll", wimbo wa viumbe wa kijani waliotua na chombo chao na kuleta rock and roll, na bendi yake ikaitwa Little Green Men. Kwenye piano alikaa kijana mgeni kutoka Louisiana, Jerry Lee Lewis. Mkumbuke huyo. Miezi michache baadaye Lewis alirekodi "Whole Lotta Shakin' Goin' On", akipigiwa gitaa na ngoma na watu wa Riley mwenyewe, Roland Janes na J.M. Van Eaton. Wimbo ukapasua anga.

Ndipo ikaja "Red Hot". Billy Emerson, mwanamuziki Mweusi, alikuwa ameurekodi wimbo huo hapohapo Sun mwaka 1955. Riley akauchukua akaupiga kwa hasira, kwa sauti yenye mikwaruzo, bendi nzima ikimjibu kwa kelele. Masikioni mwangu ndiyo rekodi kali kuliko zote zilizotoka katika studio ile, na nasema hivyo Elvis akiwemo.

Tatizo lilikuwa hesabu. Lebo ndogo ililipa kiwanda cha kuchapa santuri kwanza, ikapeleka mzigo kwa wasambazaji, kisha ikasubiri. Wasambazaji walichelewa kulipa, na santuri ambazo hazikuuzwa walizirudisha. Kwa hiyo wimbo kuvuma kungeweza kuifilisi kampuni: kadiri maagizo yalivyozidi ndivyo deni la kiwandani lilivyopanda kabla senti moja haijarudi. Shida ya fedha ya namna hiyo ndiyo iliyochangia Phillips kuuza mkataba wa Elvis kwa kampuni kubwa ya RCA mwaka 1955 kwa dola 35,000. Mwenye mfuko kama huo hasukumi farasi wawili. Phillips alikuwa na "Great Balls of Fire" ya Lewis mkononi, akaweka fedha zote huko. Riley alisimulia kwamba Phillips aliagiza kwamba waliokuwa wakiitaka "Red Hot" wapelekewe wimbo wa Lewis.

Riley aliposikia, alilewa, akaingia studio na kumwaga divai juu ya vifaa. Phillips hakumwitia polisi. Alimkalisha chini wakanywa na kuongea mpaka alfajiri, na Riley akatoka akiamini kwamba zamu yake inafuata. Haikufuata.

Sitamtupia Phillips lawama zote, lakini. Riley mwenyewe alikuwa hatulii. Alirekodi blues kwa jina la Lightnin' Leon, na baadaye akatumia jina la Skip Wiley. Leo mwimbaji wa rock, kesho mpiga harmonika wa kukodiwa katika studio za Los Angeles. Msikilizaji atamfuata nani? Miaka ya 1970 alirudi Arkansas kufanya kazi za ujenzi.

Mwaka 1977 mwimbaji Robert Gordon na mpiga gitaa Link Wray walirekodi "Red Hot" upya, ukaingia kwenye chati ya Billboard, orodha ya nyimbo zinazovuma Marekani, mahali ambapo rekodi ya Riley haikufika. Wapenzi wa rockabilly wakaanza kumtafuta. Mmoja wao alikuwa mwanamuziki maarufu Bob Dylan, aliyempandisha jukwaani kwenye onyesho lake la Little Rock mwaka 1992. Riley alifariki Agosti 2009. Mwaka 2015, akipokea tuzo mbele ya wakubwa wa muziki, Dylan alitumia sehemu ya hotuba yake kumzungumzia, akiwaambia kwamba rafiki yake huyo alistahili kuwa kwenye Jumba la Heshima la Rock and Roll, ambako hakuwahi kuingizwa.