Kwa nini mtoto wa mbwa wa aina ndogo huzidiwa ndani ya saa chache?

Mtoto wa mbwa wa aina kama Chihuahua, Yorkshire Terrier, Pomeranian au Maltese anaweza kucheza asubuhi kama kawaida, akakataa chakula mchana, na jioni akakutwa amelala ubavu bila nguvu ya kuinua kichwa. Wafugaji wengi hudhani kwamba amepatwa na ugonjwa mkali wa aina ya pekee. Mara nyingi sivyo: maradhi yanayomwangusha huwa ni yaleyale ambayo mbwa wa aina kubwa mwenye umri huohuo huyavumilia kwa siku moja au mbili kabla ya kuonekana kuwa hatarini. Kinachowatofautisha ni akiba. Mwili mdogo umeweka sukari kidogo, joto kidogo na maji kidogo, na ugonjwa wowote unaomzuia kula au unaomtapisha huimaliza akiba hiyo upesi.

Tuanze na sukari, maana ndiyo huisha kwanza. Mbwa mzima akikosa mlo, ini lake huvunja glaikojeni, yaani sukari ya akiba iliyohifadhiwa humo, na kuimimina sukari ndani ya damu, kisha hutengeneza sukari mpya kwa kutumia protini za misuli na sehemu ya mafuta ya mwili. Mtoto wa mbwa wa aina ndogo ana ini dogo ambalo bado halijakomaa, misuli haba na mafuta machache mno, ilhali ubongo wake, ambao hutegemea sukari hiyo muda wote, ni mkubwa ukilinganishwa na mwili wake. Ndiyo sababu kati ya wiki ya 6 na ya 16 hivi anaweza kuishiwa sukari kwa kukosa chakula usiku mmoja tu, kwa kupigwa na baridi, kwa kuhamishiwa nyumba mpya, au hata kwa kucheza kupita kiasi bila kula. Madaktari wa mifugo huhesabu kuwa sukari imeshuka inapokuwa chini ya miligramu 60 kwa kila desilita ya damu. Kwa macho, mwenye mbwa huona mambo kwa mfuatano: mnyama anazubaa, anayumba kama aliyelewa, anatetemeka, halafu anapata degedege na kupoteza fahamu.

Joto nalo humtoka kwa kasi, kwa kuwa kadiri mwili unavyokuwa mdogo ndivyo ngozi inavyokuwa kubwa ikilinganishwa na uzito uliomo ndani yake. Kuhusu maji, hesabu yenyewe inatisha kidogo. Chukua mtoto wa mbwa mwenye gramu 800. Akipoteza maji yaliyo sawa na asilimia 10 ya uzito wake, hali ambayo tayari ni ya hatari, atakuwa amepoteza mililita 80 tu, yaani vijiko vya chakula vitano na ushei. Kuhara mara chache na kutapika mara mbili tatu kunatosha kabisa kufikisha kiasi hicho.

Kwa hiyo dalili za kutazamwa si zile kubwa ambazo kila mtu huziona, bali zile zinazotangulia. Mtoto wa mbwa aliyezoea kukimbilia bakuli, kisha akalinusa na kugeuka, apewe uangalizi saa hiyohiyo, asisubiriwe hadi kesho. Baada ya hapo fungua mdomo wake utazame fizi. Fizi za mnyama mwenye afya huwa na rangi ya waridi na huteleza kwa unyevu. Ukizibonyeza kwa kidole, pale ulipobonyeza hugeuka peupe, kisha rangi hurudi ndani ya sekunde 2. Rangi ikichelewa kurudi, damu haizunguki inavyopasa. Fizi zilizokauka na kunata kidoleni ni ishara ya upungufu wa maji, na zilizopauka huashiria upungufu wa damu au mshtuko wa mwili, na zenye rangi ya samawati humaanisha kwamba hewa haimfikii. Wengi hufundishwa kuvuta ngozi ya shingo na kutazama kama inarudi haraka. Kwa mnyama mchanga kipimo hicho si cha kutegemewa sana, na mimi ningeamini fizi kuliko ngozi. Kipimajoto hutiwa kwenye njia ya haja kubwa kikiwa kimepakwa mafuta kidogo: joto la kawaida kwa aliyekwisha kupita umri wa kunyonya ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi, na likipungua chini ya 37 au kupita 40, hilo ni jambo la dharura. Kifaa kingine ambacho watu hukisahau ni mizani ndogo ya jikoni. Mtoto wa mbwa anapaswa kuongezeka uzito siku hadi siku, na anayepungua ana tatizo hata kama bado anatikisa mkia.

Miongoni mwa maradhi yenyewe, linaloogopwa zaidi ni parvo. Kirusi chake kilitambuliwa mwaka 1978, na katika muda wa miaka miwili hivi kilikuwa kimeenea ulimwenguni kote. Hushambulia seli zinazogawanyika kwa kasi, hasa za utando wa utumbo na za uboho, kwa hiyo humwachia mgonjwa majeraha mawili kwa wakati mmoja: utumbo uliochubuka, unaopoteza maji na kupitisha bakteria kwenye damu, na upungufu wa seli nyeupe ambazo zingepigana na bakteria hao. Mgonjwa hulegea, hukataa kula, hutapika, kisha huhara kinyesi chenye uvundo mkali, mara nyingi kikiwa na damu. Mtu asijifariji kwa kusema kwamba mbwa wake amekwisha kuchanjwa mara moja. Kingamwili alizozipata mtoto kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yake, huizuia chanjo isifanye kazi, nazo hupungua taratibu mpaka hufika kipindi ambacho haziwezi tena kumkinga dhidi ya kirusi lakini bado zinatosha kuibatilisha chanjo. Kwa kuwa kipindi hicho hutofautiana kwa kila mnyama, chanjo huanza katika wiki ya 6 hadi ya 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe angalau wiki 16.

Minyoo huchukuliwa kuwa jambo dogo, lakini minyoo ya safura hunyonya damu, na mnyama wa gramu 800 ana damu isiyozidi mililita 70 hivi mwilini mwake mwote.

Sasa, afanyeje mtu anayemkuta mbwa wake amelegea na anatetemeka? Kwanza sukari. Paka asali au maji mazito ya sukari kwenye fizi na upande wa ndani wa shavu, kiasi cha robo ya kijiko cha chai, ukisugua kwa kidole. Usimimine kitu chochote kooni mwa mnyama asiyeweza kumeza, kwa maana kitaingia mapafuni, na wakati wa degedege usitie vidole katikati ya meno. Usitumie kabisa kitu kilichotiwa utamu usio sukari: zailitoli, inayotiwa katika vyakula vingi vinavyouzwa kuwa havina sukari, humfanya mbwa amwage insulini kwa wingi, na sukari iliyokuwa imebaki kwenye damu huporomoka. Pili, joto. Mzungushie taulo, kisha weka kando yake chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa, bila kumgusisha moja kwa moja. Aliye baridi asilishwe kabla hajapata joto, kwa sababu utumbo wake umesimama na chakula kitarudi juu. Tatu, safari ya kwa daktari wa mifugo ianze hata kama amezinduka baada ya dakika chache, kwa kuwa sukari ile ya asali huisha haraka na kilichomwangusha bado hakijajulikana. Parasetamoli, ibuprofen na dawa nyingine za binadamu zibaki kabatini.

Kwa daktari, mambo manne yatamsaidia kuliko maelezo marefu: saa aliyokula mara ya mwisho, idadi ya mara alizotapika na kuhara, uzito wa jana na wa leo, na kinyesi kidogo ndani ya chombo chenye kifuniko. Ikiwa parvo inashukiwa, piga simu kabla ya kufika ili asipitishwe katikati ya wanyama wengine. Nyumbani, sakafu isafishwe kwanza kwa sabuni, kisha ipakwe dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, ikae dakika 10, kwa kuwa sabuni peke yake haikiui kirusi hicho na kinaweza kudumu kwenye udongo kwa miezi mingi. Matibabu yenyewe ni dripu, sukari ya mshipani, dawa za kuzuia kutapika na uangalizi wa karibu. Wanaotibiwa mapema wengi wao hupona, na wasiotibiwa wengi hufa.

Akisharudi nyumbani, apewe milo midogo 4 hadi 6 kwa siku, ukiwemo mmoja karibu na saa ya kulala. Sukari ikiendelea kushuka hata baada ya umri wa miezi 4, au akizubaa na kuzunguka ovyo muda mfupi baada ya kula, daktari aombwe kulichunguza ini: Yorkshire Terrier na Maltese ni miongoni mwa wanaozaliwa mara nyingi zaidi na mshipa unaoipitisha damu ya utumbo kando ya ini, na wengi wao hurekebishwa kwa upasuaji.