Jodari wa Forodhani: moto si dawa ya samaki aliyelala

Msimu wa wageni ukipamba moto, malalamiko ya mishkaki ya Forodhani, soko la chakula la usiku Mji Mkongwe, Zanzibar, nayo huongezeka, na mengi yanafanana: nimekula jodari, haikupita nusu saa uso ukawa mwekundu, kichwa kikagonga, mwili ukawasha, moyo ukaenda mbio. Mlalamikaji hudhani ana mzio. Muuzaji naye huapa kuwa samaki aliiva mpaka akakauka. Mara nyingi muuzaji anasema kweli, na bado jodari ndiye mkosa.

Jodari, nguru, vibua na fulusi wana histidini nyingi (moja ya viini vinavyojenga protini) katika nyama yao. Samaki akikaa kwenye joto baada ya kufa, bakteria huigeuza kuwa histamini, kemikali inayoleta dalili hizo zinazofanana na mzio. Ikishajitengeneza haitoki kwa kuchoma, kugandisha wala kwa ndimu. Sisi wakaguzi wa chakula tumelisema hili mara nyingi, na bado tunajibiwa "moto unaua kila kitu". Moto unaua bakteria. Histamini haina roho ya kutolewa. Pua nayo haisaidii sana, kwani samaki huyo anaweza asinuke kabisa.

Kwa hiyo mambo huamuliwa na barafu tangu kwenye chombo cha uvuvi. Ukifika mezani, angalia mishkaki mibichi inatolewa kwenye boksi la barafu au imelundikwa chini ya taa tangu magharibi. Ulimi ukichoma kama pilipili na pilipili hukutia, acha kula.

Malalamiko yaletwe kwetu siku hiyo hiyo. Andika meza ilipo, saa uliyokula, ulichokula na nani mwengine alikula. Mabaki yafungwe kwenye mfuko safi, yawekwe kwenye friji. Mkaguzi ataonesha kitambulisho, atachukua sampuli mbele ya mwenye biashara, ataitia lakiri na fomu itasainiwa. Sampuli isiyo na lakiri huleta ubishi mahakamani. Chakula kikithibitika hakifai, kinaweza kuzuiwa na kuteketezwa, na mhusika kushitakiwa chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya Zanzibar Namba 2 ya 2006. Wafanyabiashara wasilichukulie hili kuwa vitisho, wengi wao wanafanya kazi kwa uangalifu.

Picha iliyozungushwa kwenye makundi ya simu haipimiki maabara. Na anayesema "nimemwachia Mungu" ana imani nzuri, lakini hakutuachia sisi sampuli.

Hali hiyo kwa kawaida hupoa ndani ya siku moja, na dawa za mzio husaidia. Mgonjwa akibanwa na pumzi, hospitali kwanza, malalamiko baadaye. Ila jodari aliyebaki msimtupie paka.