Pimeni Upepo Kabla ya Kumwaga Zege

Malalamiko ya wapangaji wa maghorofa ya Upanga na Kariakoo yanafanana: kuanzia Desemba hadi Machi vyumba havikaliki, na umeme wote unaishia kwenye kiyoyozi. Mwenye jengo akiulizwa, anajibu, "Madirisha makubwa tumeweka, na bahari iko pale." Ndugu mwananchi, hewa isipokuwa na pa kutokea haiingii, hata dirisha liwe na ukubwa wa geti.

Ndiyo maana tunashauri uigaji wa upepo kwa kompyuta ufanyike mapema, michoro ikiwa bado inabadilika. Programu hulipulizia upepo jengo la modeli na kuonyesha ukuta upi unasukumwa na upi unafyonzwa. Tofauti hiyo ya shinikizo ndiyo inayopitisha hewa chumbani. Msimu wa joto Dar es Salaam ni wa kaskazi, upepo unaotoka kaskazini-mashariki. Jengo lililofunguliwa kwa kusi peke yake, yaani upepo wa kusini, litapoa Julai, wakati hakuna anayelalamika.

Kuna ripoti zenye rangi za kupendeza ambazo hazina kitu ndani. Upepo wa uwanja wa ndege hupimwa mita 10 juu ya ardhi, tena mahali pa wazi. Kuupeleka Kariakoo bila marekebisho ni kujidanganya. Majengo ya jirani yawemo kwenye modeli kama yalivyo. Humo kwenye modeli, jengo lenye kimo cha mita 40 liachiwe nafasi ya angalau mita 200 kila ubavu na 600 upande upepo unakoelekea, la sivyo kingo za modeli zitaubana upepo na majibu yatapotoka. Hata kabla ya kompyuta, chumba chenye dari ya mita 3 na madirisha pande mbili zinazotazamana kisizidi kina cha mita 15 hivi. Kikiwa na dirisha upande mmoja tu, mita 6.

Sasa kibali, ambacho tunakieleza kila siku. Ripoti ya upepo si kibali cha ujenzi. Ikionyesha, baada ya kibali kutoka, kwamba dirisha lihamie ukuta mwingine, usimwambie fundi atoboe. Mchoro uliorekebishwa unarudi halmashauri ukiwa na mhuri wa msanifu aliyesajiliwa na, ukuta ukiwa unabeba mzigo, wa mhandisi pia. Unasubiri idhini ya maandishi. Ya simu haihesabiki. Ukikiuka, unaandikiwa zuio la ujenzi. Ukikaidi, unawekewa X nyekundu na gharama za kubomoa zinaweza kuwa juu yako. "Nimefungua kidirisha tu" si utetezi. Wala upepo haukupi ruhusa ya kufungua dirisha kwenye ukuta wa mpakani na jirani.

Kwa majengo yaliyokwisha simama, anzeni na mashine za nje za viyoyozi zilizorundikwa kwenye uchochoro. Joto la mashine ya chini hupanda na kuvutwa na ya juu yake, kwa hiyo ghorofa za juu hulipia umeme zaidi kwa ubaridi kidogo. Mkizihamishia paani, mhandisi aliyesajiliwa akague kwanza mzigo wa paa.