Ndimu inaua virusi maabara, mbona tunakatazwa kujiosha nayo?

Swali hili liliulizwa Ngamiani, hapa Tanga, na mama aliyetoka sokoni. Alitoa ndimu kwenye kikapu akaninyooshea. Wenzake walicheka, yeye hakucheka. Nimeliweka la kwanza.

Shikamoo dada. Somo yangu alinifundisha kujiosha kwa ndimu baada ya tendo. Nasikia wataalamu waliipima wakaona inaua virusi vya UKIMWI. Kweli?

Marahaba mdogo wangu. Waliipima kweli, na virusi vilikufa. Lakini walipima na seli za mwili, na maji ya ndimu yenye ukali wa kuua virusi yaliziua nazo. Ukikata ndimu una mchubuko kidoleni unajua inavyochoma. Utando wa uke ni laini kuliko kidole. Ukichubuka, virusi vinapata pa kupita, na mwili hukimbiza askari wake kwenye jeraha. Askari hao ndio hasa VVU huwaingia.

Sasa maabara wanapimaje dawa ya kukinga?

Jeli au pete ya kuweka ukeni ili kuzuia VVU huitwa mikrobisidi. Kwanza dawa huwekwa kwenye seli bila virusi, waone kama seli zitabaki hai. Kisha huletwa virusi. Zipo seli maalumu ambazo virusi vikiziingia hutoa mwanga unaopimwa kwa mashine. Mwanga ukififia, dawa imezuia. Halafu huongezwa shahawa, maana mara nyingi virusi humfikia mwanamke vikiwa ndani yake, na zipo dawa zilizopungua nguvu hapo hapo.

Hatua ninayoiheshimu kuliko zote hutegemea wanawake walioondolewa kizazi kwa maradhi mengine, wakaridhia sehemu yake itumike. Kipande cha shingo ya kizazi, kidogo kama punje ya mchele, hutunzwa kwenye kisahani katika joto la mwili, kikaishi siku kadhaa. Hapo dawa inajaribiwa kwenye nyama ya binadamu kabla ya kumgusa mwanamke yeyote.

Hupima pia bakteria wazuri wanaotunza uchachu wa uke, na kama dawa inaharibu kondomu.

Ikifaulu maabara, si imetosha?

Haitoshi kabisa. Nonoksinoli-9, kemikali ya kuua mbegu za kiume, iliua VVU vizuri kwenye neli. Mwaka 2000, huko Durban, yakatangazwa matokeo ya utafiti wa Benin, Ivory Coast, Afrika Kusini na Thailand: wanawake waliopewa jeli yake waliambukizwa zaidi kuliko waliopewa jeli isiyo na dawa hiyo. Ikitumiwa mara kwa mara ilikuwa inachubua, kama ndimu. Roho inaniuma kila nikiisimulia, maana wale walijitolea kwa ajili yetu sote.

Nyingine, PRO 2000, ilijaribiwa hadi Mwanza. Mwaka 2009 ikaonekana salama, ila haikukinga.

Kwa hiyo hakuna iliyofaulu?

Ipo pete ya silikoni yenye dawa ya dapivirini, inayokaa ukeni mwezi mzima. Tafiti mbili zilizotolewa 2016 zilionyesha inapunguza maambukizi kwa karibu theluthi moja, na Januari 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kama kinga ya nyongeza. Vidonge vya PrEP, yaani dawa za kujikinga kabla ya kukutana na virusi, hukinga zaidi ukivimeza kila siku. Kondomu usiiache.

Mafuta ya nazi na kondomu je?

Hapana. Mafuta hudhoofisha kondomu za mpira zikapasuka. Tumia kilainishi cha maji.

Kondomu ilipasuka jana usiku, nikajiosha kwa ndimu. Nifanyeje?

Usijioshe tena. Nenda leo kituo cha afya, ueleze bila kuficha, na ndimu uitaje. Omba kupimwa, na uulize kuhusu PEP, dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio: huanzwa ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na humezwa siku 28. Usingoje Jumatatu.