Namba 41, ukimya wa mezani na ndoa: jinsi Meksiko ilivyowalea mashoga wake

Nafundisha historia ya Amerika ya Kilatini, na kila mwaka wanafunzi huniuliza ni lini sheria ya Meksiko iliacha kuwaadhibu wapenzi wa jinsia moja. Jibu huwashangaza: Kanuni ya Adhabu ya 1871 haikulitaja kosa hilo kabisa. Aliyewafundisha watoto aibu hakuwa hakimu. Walifundishwa nyumbani na shuleni, kwa mizaha.

Mzaha mkubwa kuliko yote ulizaliwa usiku wa kuamkia tarehe 18 Novemba 1901. Polisi walivamia nyumba moja katika mtaa wa La Paz, Mexico City, wakakuta wanaume wakicheza dansi wao kwa wao, karibu nusu yao wamevaa magauni. Ikatangazwa kuwa walikamatwa 41. Watu wakanong'ona kwamba walikuwa 42, na kwamba aliyeachiwa kinyemela ni Ignacio de la Torre y Mier, mkwe wa Rais Porfirio Díaz. Baadhi yao walipelekwa Yucatán kufanyishwa kazi jeshini. José Guadalupe Posada akachora picha ya dansi hiyo kwa ajili ya karatasi za kuuzwa mitaani. Itazame kwa makini: waliovaa magauni marefu wana masharubu. Ilichorwa ili watu wacheke, na kweli walicheka, vizazi kwa vizazi.

Namba yenyewe ikageuka tusi. Jenerali Francisco L. Urquizo aliandika kwamba jeshini hakuna kikosi chenye namba 41, hotelini hakuna chumba chake, na mtu akitimiza miaka 40 huruka hadi 42. Alitia chumvi, bila shaka, lakini mvulana yeyote darasani alijua kwa nini.

Sambamba na mzaha kulikuwa na ukimya, na huo ndio unaonisumbua zaidi. Familia nyingi hazikumfukuza mtoto, zilimwekea sharti. Krismasi alikaribishwa, na "rafiki yake" akapakuliwa chakula kama wengine, mradi jambo lenyewe lisitamkwe. Mwaka 2002 mtangazaji Fernando del Rincón alimwuliza mwimbaji Juan Gabriel kuhusu uvumi kwamba yeye ni shoga. Akajibiwa kwamba kinachoonekana hakiulizwi. Nchi nzima ilimwelewa, maana ndivyo ilivyolelewa. Bibi ambaye asingestahimili mjukuu wake ajitangaze aliziimba nyimbo za Juan Gabriel jikoni bila wasiwasi wowote. Wapo wanaolisifu jibu lile kwa busara yake. Mimi naona lilimfaa nyota mwenye mamilioni ya mashabiki. Kijana wa mji mdogo alibaki na sharti tu, bila makofi.

Ndiyo maana namthamini sana Nancy Cárdenas. Mwaka 1973 mwongozaji huyo wa tamthilia, mwenyewe msagaji, aliketi mbele ya mtangazaji wa habari Jacobo Zabludovsky kwenye televisheni akazungumzia mapenzi ya jinsia moja bila kuficha kitu. Lile lililokwepwa mezani likasikika sebuleni. Kufikia 1979 Mexico City ilikuwa na maandamano yake ya Fahari ya mashoga na wasagaji.

Hispania ilipita njia nyingine. Kule, utawala wa dikteta Franco uliwaingiza mashoga katika sheria ya wazururaji mwaka 1954, kwa hiyo mzazi aliyemficha mwanawe alikuwa akiogopa polisi wa kweli. Ndoa ya jinsia moja iliporuhusiwa mwaka 2005, Waziri Mkuu Zapatero aliwaambia wabunge kwamba hawatungi sheria kwa ajili ya watu wa mbali, wageni, bali majirani zao, wenzao kazini, marafiki na ndugu.

Mexico City iliiruhusu Desemba 2009. Tamaulipas, jimbo la mwisho la Meksiko kuiruhusu, ilifuata Oktoba 2022. Ndoa imeleta usumbufu ambao maandamano hayakuuleta, kwa sababu ina kadi za mwaliko. Shangazi aliyezoea kutouliza sasa anaulizwa yeye: utakuja au hutakuja? Akikataa, itabidi aseme sababu, na hapo ndipo nyumba huanza kuzungumza, mara nyingi kwa kugombana.